Jumapili ni masaa sita tu: maduka makubwa ya Uingereza kwa anayetoka Mwanza

Kama tiketi yako inakufikisha Uingereza siku ya Jumapili, panga chakula cha siku hiyo kabla hujapanga kitu kingine. Kutoka Mwanza unapanda ndege hadi Dar, kutoka Dar unapitia Doha, Addis Ababa au Istanbul, ndipo unatua Heathrow au Manchester. Ukiondoka Jumamosi, unafika Jumapili. Upite uhamiaji, usubiri begi, upande treni hadi mji wa chuo au wa hospitali uliyoajiriwa, uchukue ufunguo wa chumba. Ukija kutoka nje kutafuta chakula, imeshafika saa kumi na moja jioni na ile supamaketi kubwa uliyoiona kwenye ramani imefungwa. Haijafilisika, na wala si sikukuu. Ni sheria.

Kwa mtu aliyezoea duka la Mangi la Nyakato au Igoma, linalofunguliwa alfajiri na kufungwa saa nne usiku siku zote saba, jambo hili ni gumu kuliamini mpaka limkute. Huku kwetu Jumapili mtu anatoka kanisani anapitia sokoni. Kufungiwa kwa amri tunakujua, kama ile Jumamosi ya usafi ambapo maduka hufunguliwa saa nne, lakini si kila wiki na si jioni nzima.

Sheria yenyewe ni Sunday Trading Act ya mwaka 1994, na inashika England na Wales. Inasema hivi: duka ambalo eneo lake la mauzo linazidi mita za mraba 280 linaruhusiwa kuuza Jumapili kwa masaa sita mfululizo tu, na masaa hayo lazima yaangukie kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mwenye duka anachagua aanze lini ndani ya nafasi hiyo, ila hawezi kuyagawa. Hafungui matatu asubuhi, akapumzika, kisha akafungua matatu mengine jioni. Kwa hiyo mlangoni mara nyingi utakutana na moja kati ya nyakati tatu: 10 hadi 4, 11 hadi 5, au 12 hadi 6. Kwa kuhesabu kwetu ni saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, saa tano hadi saa kumi na moja, au saa sita mchana hadi saa kumi na mbili. Miji mingi ya kawaida huchagua ile ya kwanza. Katikati ya London, hasa Oxford Street na Knightsbridge, ya mwisho ndiyo imezoeleka, kwa sababu wateja wa huko ni watalii na watu wanaochelewa kuamka.

Mita za mraba 280 ni kama kiwanja cha mita 14 kwa 20. Kinachopimwa ni sehemu ambayo bidhaa zimepangwa na wateja wanahudumiwa. Stoo, ofisi ya meneja na chumba cha wafanyakazi havihesabiwi. Jambo hili likikuingia vizuri, mengine yote yanafuata, maana saa za Jumapili zinategemea ukubwa wa duka, wala si jina lililoandikwa juu ya mlango.

Chukua Tesco, kampuni ya supamaketi. Tesco Extra ni ghala kubwa nje kidogo ya mji, lina nguo, vyombo, televisheni na chakula, na Jumapili mara nyingi linafungwa saa kumi jioni. Tesco Express, kampuni ile ile, rangi zile zile, ni duka dogo la mtaani lililojengwa kwa makusudi lisivuke ile mita 280, na Jumapili linauza kama Jumatatu: mara nyingi kuanzia saa kumi na mbili au saa moja asubuhi hadi saa tano usiku. Sainsbury's nao wana Sainsbury's Local, Waitrose wana Little Waitrose, na maduka mengi ya Co-op yako chini ya kipimo hicho. Aldi na Lidl ni habari nyingine. Matawi yao karibu yote yamevuka 280, kwa hiyo Jumapili usiwategemee jioni hata kidogo. Na hao ndio wenye bei nafuu, kwa hiyo mwenye bajeti ya mwanafunzi aende kwao Jumamosi.

Bei za duka dogo huwa juu kuliko za duka kubwa la kampuni ile ile, kwa bidhaa ile ile. Mara moja moja haikuumizi. Ukifanya Express kuwa jiko lako la kila siku, itakula posho yako bila wewe kuona. Nenda duka kubwa mara moja kwa wiki na orodha mkononi, na la mtaani uliachie maziwa na mkate vilivyokuishia.

Turudi kwa aliyefika Jumapili jioni. Sheria imewaacha huru wauzaji fulani hata kama ni wakubwa: maduka ya uwanja wa ndege, maduka ya ndani ya stesheni za reli, vituo vya mafuta, na maduka ya dawa yanayouza dawa na vifaa vya tiba peke yake. Kwa hiyo nafasi yako ya kwanza ni uwanja wa ndege wenyewe, kabla hujatoka. Nunua mkate, maji, matunda na kitu cha kupasha moto. Nafasi ya pili ni stesheni kubwa unapobadilisha treni. Ya tatu ni duka dogo la mtaani, na ya nne, ambayo wageni wengi hawaifikirii, ni kituo cha mafuta. Supamaketi kubwa nyingi zina kituo cha mafuta kwenye uwanja wao wa magari, chenye kibanda kinachouza mkate, maziwa na mayai, na hicho kinaendelea kufanya kazi wakati jengo kubwa lililo pembeni limeshafunga. Migahawa na maduka ya chipsi hayahusiki na sheria hii.

Usichoweza kukipata Jumapili usiku ni vitu vya chumbani. Mto, duveti, sufuria, taulo vinauzwa zaidi kwenye maduka makubwa. Weka shuka mbili na blanketi jepesi ndani ya begi, hata kama unaona unabeba mzigo bure, au ulizia chuo mapema kama wana kifurushi cha matandiko cha kuagiza kabla ya kufika. Adapta ya umeme usihangaike nayo, maana plagi zao za miguu mitatu bapa ni zile zile tunazotumia Tanzania.

Kuna jambo linalowachanganya watu kwenye maduka ya ghorofa ya London, yale wanayoyaita department stores. Unafika saa tano na nusu, milango iko wazi, wahudumu wanatabasamu, watu wanapima viatu, lakini ukienda kulipa unaambiwa usubiri saa sita. Hakuna hitilafu. Sheria inakataza kuuza, haikatazi kuangalia, kwa hiyo maduka kama Selfridges na Harrods yana kawaida ya kuruhusu watu waingie nusu saa kabla ya masaa sita kuanza. Tumia nusu saa hiyo kuchagua na kujaribisha, kisha panga foleni mapema. Mwishoni mwa siku, aliyekwisha kuingia kabla ya saa ya kufunga huruhusiwa kumaliza na kulipa, lakini mlinzi wa mlangoni hatakufungulia ukifika dakika moja baadaye, hata ukimwonyesha mtoto analia njaa. Si ukatili. Sheria ilipotungwa iliweka faini ya hadi pauni 50,000 kwa duka linalovunja masharti haya.

Usidanganywe na bango la masaa 24 pia. Kabla ya mwaka 2020 supamaketi kubwa nyingi zilikesha wazi, kisha wakati wa korona nyingi zikaacha na hazikurudia, ndiyo maana leo Tesco Extra nyingi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa sita usiku. Zile chache zinazokesha nazo zinabanwa na Jumapili: zinafungwa usiku wa kuamkia Jumapili, zinafunguliwa kwa masaa yao sita, kisha zinafungwa tena hadi Jumatatu alfajiri. Anayetoka zamu ya usiku hospitalini Jumapili asubuhi saa mbili akitegemea kununua chakula njiani atakuta giza. Wauguzi, liwekeni hili akilini.

Siku za kazi hazina shida. Aldi na Lidl hufungua saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, Morrisons na Asda huanza saa moja au mapema zaidi, Waitrose huwahi kufunga, mara nyingi saa mbili au saa tatu usiku. Ila kumbuka kwamba jengo kuwa wazi hakumaanishi kila kilichomo ndani kiko wazi. Duka la dawa la ndani lina saa zake, mgahawa unafunga mapema, na kaunta za samaki na nyama zilizobaki zinafunga jioni. Nasema zilizobaki kwa sababu Sainsbury's walifunga zao mwaka 2020 na Tesco mwaka 2023. Maduka ya katikati ya miji midogo, ya nguo na viatu, yanafunga saa kumi na moja au kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo ukitoka darasani saa kumi na moja usipange kwenda kununua koti.

Wasabato, na huku Kanda ya Ziwa tuko nao wengi, wanahitaji hesabu ya peke yao. Mwanza jua linazama karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mtu hajazoea Sabato inayobadilika urefu wa mchana wake. London sehemu kubwa ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Hii ina maana Ijumaa lazima ununuzi uishe mapema mchana, na mwenye darasa hadi saa tisa afanye Alhamisi. Faida yake ni kwamba Jumamosi ikishafika saa kumi na moja uko huru, na supamaketi bado ina masaa manne au matano mbele yake. Juni inageuka kinyume. Jua la London linazama kama saa tatu na dakika ishirini usiku, na ukimaliza kufunga Sabato unabakiwa na dakika chache kabla Aldi haijafunga saa nne. Kwa miezi ya Mei hadi Julai ni bora uyategemee yale masaa sita ya Jumapili, ufike wanapofungua, kabla foleni hazijajaa, au uagize mtandaoni. Uletaji wa nyumbani hauko chini ya kikomo cha Jumapili, magari ya Tesco, Sainsbury's na Ocado yanazunguka siku hiyo asubuhi hadi usiku. Kinachotakiwa ni kadi inayokubalika, anwani ya huko, na kuweka nafasi siku mbili tatu kabla, maana nafasi za Jumapili jioni huwahi kujaa.

Scotland ni nchi nyingine kwa habari hii. Ile sheria ya 1994 haiwagusi, kwa hiyo Tesco Extra ya Glasgow au Aberdeen inaweza kuuza Jumapili usiku kama siku yoyote. Anayekwenda Dundee au Edinburgh asome mengi ya hapa kwa ajili ya kuwasaidia rafiki zake wa England tu. Kinachombana yeye ni pombe, ambayo madukani kule inauzwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku basi, siku zote. Ukichelewa, chupa inabaki kaunta. Visiwani kaskazini magharibi, Jumapili ilifungwa kwa desturi ya kanisa bila sheria yoyote kulazimisha. Tesco ya Stornoway ilianza kufungua Jumapili mwaka 2024, tena kwa mabishano makubwa. Ireland ya Kaskazini ndiyo yenye masharti makali kuliko wote: duka kubwa linauza Jumapili kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Ni masaa matano.

Kwa nini nchi yenye biashara kubwa hivyo inajibana? Kwa sababu walibishana sana na hapa ndipo walipokutana. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ilitaka kufungulia Jumapili kabisa, ikashindwa bungeni kwa kura 296 dhidi ya 282, baada ya wabunge wa chama chake mwenyewe kuungana na wapinzani. Makanisa yalikuwa upande mmoja na vyama vya wafanyakazi upande huo huo, jambo lisilotokea kila siku. Miaka minane baadaye wakakubaliana katikati: wadogo huru, wakubwa masaa sita. Mwaka 2012, wakati wa Olimpiki ya London, kikomo kiliondolewa kwa muda, kuanzia Julai 22 hadi Septemba 9, kisha kikarudi. Mwaka 2016 serikali ikajaribu kuziachia halmashauri ziamue zenyewe, bunge likakataa kwa kura 317 dhidi ya 286. Mimi naona walikataa kwa haki. Maduka madogo, ambayo mengi ni ya familia za wahamiaji, yanaishi kwa zile saa za Jumapili jioni ambazo wakubwa wamelala, na mfanyakazi wa kaunta anapata jioni moja ya uhakika na watoto wake.

Na hapo kwenye mfanyakazi, wanafunzi wasikilize. Viza ya mwanafunzi wa shahada kwa kawaida inakuruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na supamaketi ndiko kibarua kinakopatikana kwa urahisi. Mfanyakazi wa duka ana haki ya kukataa kazi ya Jumapili kwa kumwandikia mwajiri notisi, ambayo kwa kawaida ni ya miezi mitatu, na hafukuzwi kwa sababu hiyo. Haki hii haimhusu aliyeajiriwa kwa ajili ya Jumapili peke yake. Malipo ya ziada kwa Jumapili si haki ya kisheria, ni suala la mkataba, kwa hiyo usome kabla ya kusaini. Na usivushe masaa 20 hata msimamizi akikubembeleza wiki ya Krismasi. Viza ni yako, si yake.

Maduka ya ghorofa yamepungua sana, na orodha nyingi zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp zimepitwa na wakati. BHS ilifunga maduka yake yote mwaka 2016. Debenhams, ambayo ilikuwa karibu kila mji, ilifunga ya mwisho Mei 2021 na imebaki jina la mtandaoni. Waliopo ni John Lewis, kampuni inayomilikiwa kwa niaba ya wafanyakazi wake, pamoja na Marks & Spencer, na London wako Selfridges iliyofunguliwa Oxford Street mwaka 1909, Harrods ya Knightsbridge, Liberty na Fortnum & Mason. Kwa mwenye kuanza maisha, John Lewis ni mahali pazuri pa kununua kitu kimoja kitakachodumu, kama koti la baridi au godoro, lakini vyombo vya kawaida nenda Argos, IKEA au duka la hisani. Maduka hayo ya hisani, yanayouza vitu vilivyotolewa na watu, mengi hufunga saa kumi na moja jioni na Jumapili baadhi hayafunguki kabisa.

Jamaa aliyekuja kutembea asitegemee kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani uwanja wa ndege. Mpango huo ulifutwa England, Scotland na Wales kuanzia Januari 1, 2021, na umebaki Ireland ya Kaskazini. Kodi ya asilimia 20 imeshajumuishwa kwenye bei unayoiona. Chakula kingi na nguo za watoto havina kodi hiyo, ndiyo maana nguo za mtoto zinakuwa zawadi yenye hesabu nzuri ya kurudi nayo Mwanza.

Sikukuu ndizo zinazowalaza watu njaa. England na Wales, duka kubwa haliruhusiwi kufungua hata dakika moja siku mbili kwa mwaka: Jumapili ya Pasaka na Desemba 25. Kwa Krismasi, Scotland nao wana sheria yao ya mwaka 2007 inayofanya vivyo hivyo. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka maduka yako wazi, kwa saa pungufu, kwa hiyo mgeni anadhani Pasaka haina tatizo, kisha Jumapili inamshika mikono mitupu. Nunua Jumamosi Kuu kabla ya mchana. Krismasi ni nzito zaidi, kwa sababu Desemba 25 treni hazitembei, Tube ya London, yaani treni za chini ya ardhi, haitembei, na mabasi karibu yote yamelala. Hata ukijua kuna duka dogo la mhamiaji limefunguliwa upande wa pili wa mji, utaliendea kwa miguu. Mkesha wa Krismasi supamaketi nyingi hufunga kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Desemba 26 kampuni kadhaa, zikiwemo Aldi, John Lewis na Marks & Spencer, zimekuwa zikiwapumzisha wafanyakazi wao, wakati Next, kampuni ya nguo, kwa miaka mingi ilikuwa ikianza punguzo lake saa kumi na mbili asubuhi siku hiyo hiyo. Kwa chakula, hesabu kwamba kuanzia Desemba 24 jioni hadi Desemba 27 asubuhi unakula ulichoweka ndani. Mwaka ambao Desemba 26 inaangukia Jumapili, hata waliofungua wanabanwa na yale masaa sita.

Kufunga huko kuna upande wake mzuri kwa mwenye kubana matumizi. Chakula kinachokaribia tarehe hubandikwa stika ya njano yenye bei mpya. Siku za kawaida punguzo kubwa hutokea jioni, masaa mawili matatu kabla ya kufunga. Jumapili duka linafunga saa kumi, kwa hiyo stika hizo zinasogea hadi mchana, na Jumamosi kabla ya Pasaka au mkesha wa Krismasi zinakuwa nyingi zaidi kwa sababu kesho yake hakuna kuuza. Angalia maneno ya kwenye pakiti. Ikiandikwa use by, tarehe hiyo ikipita tupa, hasa kuku, nyama na samaki. Ikiandikwa best before, kitu hakijaharibika, ni ladha tu inayoanza kushuka. Kuku wa stika mgandishe siku hiyo hiyo, kabla saa sita ya usiku haijapita.

Ukienda dakika za mwisho utakuta kaunta zenye watu zimefungwa na mashine za kujilipia ndizo zinazofanya kazi. Mashine hizi nyingi zina mizani chini ya pale unapoweka vitu. Ukiweka begi lako la mgongoni hapo, au ukiondoa kitu kabla hujalipa, inasimama na taa nyekundu inawaka hadi mhudumu aje. Skani kitu, kiweke upande wa mizani, usikiguse hadi malipo yakubali. Mboga za kupimwa unaziweka juu ya kioo cha skana na kuchagua picha yake. Kadi ya benki ya Tanzania ikikataa kwa kugusisha, iingize na uandike namba ya siri. Usitupe risiti, maana maduka mengi sasa yana geti la kutokea linalofunguka kwa kuskani risiti hiyo. Na bei mbili kwenye lebo moja, kubwa na ndogo, maana yake ile ndogo ni ya wanachama wa Clubcard kwa Tesco au Nectar kwa Sainsbury's. Kujiunga ni bure, fanya siku ile ile unapopata anwani.

Sato na unga wa ugali havitegemei haya yote. Wauzaji wake ni maduka ya Waafrika na Waasia, nayo ni madogo, kwa hiyo Jumapili yanauza hadi usiku, ingawa baadhi hufunga kwa muda Ijumaa mchana kwa ajili ya swala. Samaki wa jumla London ni soko la Billingsgate, na saa zake zitamfaa aliyezoea kudamka kwenda Mwaloni Kirumba: Jumanne hadi Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili na nusu asubuhi. Jumapili na Jumatatu usipoteze nauli.

Saa zao zinabadilika mara mbili kwa mwaka, tena Jumapili. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, na ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma. Majira ya joto Mwanza iko mbele yao kwa masaa mawili, majira ya baridi matatu. Simu inajirekebisha yenyewe, saa ya ukutani hairekebishwi mpaka uirekebishe, na asiyekumbuka mwezi Machi anapoteza lisaa limoja kati ya yale sita. Mzazi akikupigia kutoka Nyamanoro Jumapili ya Januari saa moja usiku kukuuliza, "Mwanangu, umeshakula?", kwako ndiyo kwanza saa kumi jioni na mlango wa Aldi unafungwa.

Kabla ya kutoka, fungua tovuti ya duka lenyewe, tafuta ukurasa wa tawi unaloliendea kwa postikodi yake, yaani namba ya posta ya eneo, na usome mstari wa Jumapili peke yake. Usisome saa za tawi jingine la jina hilo hilo. Wiki za sikukuu usiziamini saa za kwenye ramani ya simu, hutokea hazijasasishwa. Ukurasa wa tawi ndio huwekewa tarehe moja moja. Sheria pia inalitaka duka kubwa lionyeshe saa zake za Jumapili mahali panapoonekana, nje na ndani. Ukipita hapo Jumatano, piga picha karatasi hiyo.